Uko Sekondari na Tayari Una Presha ya KUCCPS?
Wasee wa sekondari hapa Sosiot, mbona mnakosa usingizi juu ya KUCCPS? Kuingia digrii ni C+. Na tangu 2023, gredi ya KCSE inahesabu hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri, na masomo mengine matano bora. Kemia ikikuangusha, si mwisho.

Cha kuchunga ni kuchagua masomo. Ukitupa fizikia juu marafiki wameitupa, uhandisi umejifungia mwenyewe, hata ukipata A. Hiyo ndiyo hofu yenye maana.

Ukipata C-, kuna diploma, na kutoka hapo digrii bado inafikika. Mama anachuma majani chai apate karo yako. Isomee, usiitumie kuogopa.