Kupangisha Chumba Juu ya Ardhi ya Serikali

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na bei ya dola moja ikaruka kwa usiku mmoja kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Mwenye chumba aliyekuwa akipokea kodi ya kwacha 30,000, kama dola 25, aliendelea kupokea noti zilezile, lakini sasa hazikufika hata dola 18. Bati, misumari na saruji havikumngoja apandishe kodi. Na halikuwa pigo la kwanza: mwezi Mei 2022 kwacha ilikuwa imeshushwa kwa asilimia 25.

Mwenye nyumba wa Lilongwe, awe Chinsapo au Area 25, aliumia. Mwenzake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa mji, aliumia vilevile, na juu ya hapo ana mzigo mwingine. Kuta ni zake, maana tofali alizifyatua mwenyewe. Ardhi ni ya serikali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka kando vifungu kadhaa, kikiwemo kile cha mali zinazohamishika na zisizohamishika na kile cha uhuru wa mtu kwenda atakako. Kwa hiyo mkimbizi anaweza kujenga vyumba vinne pale Kawale, Likuni au Katubza, zoni za ndani ya kambi, akavipangisha miaka kumi, na bado asiwe na hati hata moja yenye jina lake.

Biashara hiyo ipo na itaendelea kuwepo. Dzaleka, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Penye msongamano wa namna hiyo, anayefika mwisho hupanga kwa aliyetangulia. Hakuna aibu katika hilo. Mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha analisha watoto kwa njia ya halali, na anastahili kushauriwa kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Ushauri wa kwanza ni kuacha kuiendesha nyumba ya kambini kana kwamba ni urithi wa wajukuu. Ni biashara ya miaka michache, na ihesabiwe hivyo. Tuchukue mfano wa chumba kilichogharimu kwacha 900,000 na kinachopangishwa kwa 30,000 kwa mwezi. Wengi hugawanya haraka haraka na kusema pesa itarudi baada ya miezi 30. Lakini chumba kikikaa kitupu miezi miwili kwa mwaka, na kodi ya mwezi mmoja ikaishia kwenye paa na choo, kinachobaki kwa mwaka ni kodi ya miezi tisa, yaani 270,000. Sasa pesa inarudi baada ya miezi 40, na hapo kwacha haijashushwa tena wala amri mpya haijatoka.

Amri hutoka. Machi 2023 serikali iliwataka wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia Aprili 15. Agizo kama hilo la mwaka 2021 lilikuwa limesimamishwa na Mahakama Kuu, na walioona yale wangeweza kudhani hata hili litapita. Halikupita. Mwezi Mei polisi walizunguka Lilongwe na kukusanya watu majumbani na madukani, wengine pamoja na watoto, wakapelekwa kambini na kuacha bidhaa nyuma. Lilikuwa tendo la ukatili kwa familia zilizokuwa zimejijenga kwa jasho lao, na lisisemwe vinginevyo. Ila lina funzo la kibiashara pia. Mwenye nyumba wa mjini aliyekuwa amejaza ua wake wapangaji wa aina moja alikuwa katika hatari ya kuamka na vyumba vyote vitupu, na aliyefungia akiba yake yote katika duka moja hakuwa na pa kuanzia. Anayepata kodi ya chumba cha kwanza afikirie mara mbili kabla ya kuimwaga yote kwenye chumba cha tatu. Cherehani, mbuzi au mtaji wa genge vinaweza kubebwa au kuuzwa kwa siku moja. Ukuta hauwezi.

Hili halina maana kwamba ajenge hovyo. Mvua za Malawi huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na tofali mbichi hazina huruma: maji yakisimama siku chache chini ya ukuta, ukuta unalala. Fedha kidogo inayopatikana itangulie chini na juu, yaani msingi wa mawe ulioinuka, mtaro wa kupitisha maji, na paa lenye ukingo mpana wa kuukinga ukuta. Lipu na rangi vingoje. Nguzo za mkaratusi zipakwe oili chafu kabla ya kusimamishwa, kwa sababu mchwa wa nyanda hizi huitafuna nguzo kwa ndani na mwenye nyumba huja kujua siku bati linapoinama. Choo cha shimo kikijaa, mpangaji mzuri ndiye wa kwanza kuhama, kwa kuwa mpangaji mzuri hakosi pa kwenda.

Huyo mpangaji mzuri ndiye anayepuuzwa zaidi. Watu wamekuja Dzaleka na desturi za walikotoka. Bukavu na Goma mpangaji huanza kwa kutoa garanti ya miezi kadhaa. Dar es Salaam wenye nyumba wengi wamezoea kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Kambini desturi hizo hazikai. Shirika la Chakula Duniani limekuwa likitoa msaada kwa njia ya fedha, na msaada huo umepunguzwa mara kadhaa. Kumdai mtu wa kipato hicho kodi ya miezi sita ni kumkaribisha akope, kisha ahame usiku. Mwenye nyumba mwenye busara huuliza fedha za mpangaji huingia lini, akaweka tarehe ya kodi siku mbili tatu baadaye. Kodi ikilazimika kupanda, apandishe kidogo, mara moja kwa mwaka, baada ya kutoa taarifa ya miezi miwili. Uganda iliyaweka mambo haya katika sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022: nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asifukuzwe bila amri ya mahakama. Hakuna anayemzuia mwenye nyumba wa Malawi kujiwekea kanuni kama hiyo mwenyewe.

Mjini ugomvi mwingi huanzia kwenye umeme na maji. Vyumba vitano vikitumia mita moja ya shirika la umeme, ESCOM, mwenye friji na mwenye balbu moja hawatakubaliana kamwe juu ya mchango wa yuniti. Mita ndogo kwa kila chumba hugharimu, lakini ua wenye ugomvi hukimbiza watu, na chumba kitupu hugharimu zaidi. Bili ya maji ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, asiruhusu deni livuke mwezi, kwani mpangaji ataondoka na deni litabaki kwake.

Kuhusu maandishi, udugu wa kambini usiwe kisingizio. Karatasi moja kwa Kiswahili, yenye majina, kiasi cha kodi, tarehe, nani anatengeneza nini, na muda wa kutoa taarifa, isainiwe mbele ya shahidi. Kodi ilipwe kwa simu, kupitia Airtel Money au Mpamba, inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa simu ni risiti. Karatasi hizo hufaa zaidi siku familia inapopata safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Nyumba huachiwa ndugu kwa maneno ya mdomo, au huuzwa mara mbili, na mpangaji hujikuta akidaiwa kodi na watu wawili. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, hatari imeongezeka: aliyeuza nyumba kwa kutegemea ndege anaweza kurudi kuidai.

Viongozi wa zoni ndio huitwa kusuluhisha mizozo kama hii, mara nyingi bila karatasi yoyote mbele yao. Ofisi ya kambi, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, inaweza kuwapa daftari moja kwa kila zoni na muhuri, ili kila mapatano ya kupanga yaandikwe nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji, na ya zoni. Kuandikisha hakumpi mtu umiliki wa ardhi, kwa hiyo serikali haipotezi chochote. Daftari hizo zingeweza kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba.