Mrina Asali Hakuleta Upepo

Kila Februari tunasoma habari ile ile, ni jina la mlima tu linabadilika. Moto umewaka Aberdare. Moto umewaka Mlima Kenya. Picha za moshi zinazunguka kwenye simu zetu, vijana wa vijiji vya karibu wanaonekana wakipiga moto kwa matawi, kisha mkubwa fulani anasimama mbele ya kamera na kutaja washukiwa: warina asali, wachoma makaa, wafugaji, wawindaji haramu. Uchunguzi ndio kwanza umeanza, lakini sisi tulio mjini tayari tumeshaambiwa mkosaji ni nani. Ni maskini mmoja mwenye kiberiti.

Mimi hii stori imenichosha.

Sikatai kwamba mioto mingi huwashwa na mikono ya watu. Anayerina asali hutumia moshi kutuliza nyuki, na kaa moja likianguka kwenye nyasi kavu, basi. Lakini kaa hilo hilo likianguka Mei, nyasi zikiwa mbichi na ukungu umelala bondeni, litazimika lenyewe. Kinachotofautisha Mei na Februari si tabia ya mrina asali. Ni hali ya hewa, na hali ya hewa ya Februari haijawahi kutuficha kitu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mvua ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, hukuza nyasi. Ikinyesha sana, nyasi huwa nyingi zaidi, kwa hivyo mvua tuliyoishangilia ndiyo hutuachia kuni nyingi. Januari jua linaanza kuzikausha. Kaskazi inavuma, ule upepo ambao watu wa pwani wameujua kwa karne nyingi na kuupangia safari za majahazi. Juu mlimani, kwenye nyika iliyo juu ya msitu, usiku baridi hugandisha umande na mchana jua linachoma, na nyasi hukauka zikiwa zimesimama. Kufikia mwisho wa Februari, kabla mvua ndefu hazijafika, kilichobaki ni cheche tu.

Machi 2012, Mlima Kenya uliwaka. Februari 2019 ukawaka tena. Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Kitu kinachorudi miezi ile ile hakiitwi ajali, kinaitwa msimu. Kama nahodha wa jahazi aliweza kuupangia upepo huu bila chombo chochote, inakuwaje serikali inayotazama picha za satelaiti ishtuke kila mwaka?

Idara ya Hali ya Hewa hutuonya kuhusu mvua kubwa, na onyo hilo hutaja kaunti na tarehe. Upepo mkali na mawimbi baharini hupata ilani yao pia. Kuhusu moto, kinachonifikia kila kiangazi ni wito wa jumla: wananchi msiwashe moto ovyo msituni. Huo si utabiri, ni mahubiri. Onyo la kweli lina siku, mahali na kiwango. Kesho, Nyeri na Laikipia, hewa itakuwa kavu, upepo utaongezeka, hatari ya moto ni kubwa mno.

Wako wanaoonywa hivyo. Huko Marekani, mwisho wa majira ya baridi kwenye nyanda za Texas unafanana na Februari yetu kuliko unavyodhani: nyasi zimekauka, mimea mipya haijaota, upepo ni mwingi. Siku kama hizo hutolewa tahadhari inayoitwa Onyo la Bendera Nyekundu. Lilikuwa limetolewa tarehe 26 Februari 2024, siku ambayo moto wa Smokehouse Creek ulianza kaskazini mwa jimbo hilo. Kwanza upepo uliusukuma kuelekea mashariki, ukawa kama mstari mrefu. Kisha upepo wa baridi ukaja kutoka kaskazini, na ubavu wote wa ule mstari ukageuka kuwa uso wa moto. Zaidi ya ekari milioni moja ziliteketea. Watu wawili walikufa, na ng'ombe kwa maelfu.

Najua utakachosema: si hao walionywa na bado wakaungua? Ndio. Onyo halizimi moto. Lakini angalia kilichofuata. Kila mtu alijua siku hiyo ilikuwa hatari, kwa hivyo haikutosha kuuliza nani alikuwa na kiberiti. Watu waliuliza nani alijua na hakufanya kazi yake. Siku chache baadaye kampuni ya umeme ya Xcel Energy ilikubali kwamba mitambo yake inaonekana kuhusika katika kuuwasha, ingawa ilikana uzembe. Kamati ya bunge la jimbo ikachunguza, ikafika hadi kwenye nguzo iliyooza. Na nguzo ina mwenyewe.

Hapo ndipo penye uhondo. Onyo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumwambia mwananchi ajihadhari. Ya pili, ambayo wakubwa hawaipendi, ni kuweka kwenye maandishi tarehe ambayo mkubwa alijua.

Mfano wa nyumbani tunao. Machi 2021, na mwezi huo uutazame vizuri, moto uliwaka katika hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, wanajeshi wa Uingereza wakiwa mazoezini humo. Hapakuwa na mrina asali wa kusingizia. Maelfu ya ekari ziliungua. Wakazi walienda mahakamani, wakazungushwa, wakang'ang'ana, na mwaka 2025 Uingereza ikakubali kulipa takriban pauni milioni 2.9 kwa watu zaidi ya 7,000. Ukigawa sawasawa, hazifiki pauni 450 kwa kila mtu, baada ya miaka minne. Lakini swali langu ni la kabla ya cheche. Katika mwezi kama huo, ni nani aliyepaswa kusema leo hakuna mazoezi? Kama kiwango cha hatari kingekuwa kinatangazwa kila asubuhi, wakazi wangeingia mahakamani na karatasi mkononi.

Na wewe uliye Pipeline au Roysambu, unayedhani huu ni mjadala wa watalii na tembo, fungua mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, linalolishwa na mito ya Aberdare. Mto Tana, unaozungusha mitambo ya stima ya Masinga hadi Kiambere, hupata maji yake Aberdare na Mlima Kenya. Ile nyika ya juu hunyonya mvua na kuiachilia polepole. Ikiungua, mvua ya Aprili hukuta udongo uchi na kuubeba hadi mtoni. Maji ya zamu na mtungi unaopanda bei ni mambo yanayoanzia huko juu pia.

Kwa hivyo nataka nini? Kwanza, kuanzia Januari hadi mvua zianze, kiwango cha hatari ya moto kitangazwe kila siku kwa kila kaunti, kwa Kiswahili na kwa lugha za redio za mashinani. Pili, kila kiwango kibebe wajibu ulioandikwa: hatari ikiwa kubwa mno, mazoezi ya risasi za moto yasimame, uchomaji wa mashamba usimame, nyaya za stima zikaguliwe. Tatu, wale vijana wa matawi wasajiliwe, wafunzwe, wapewe viatu na walipwe kabla ya Januari. Sasa hivi tunawaita mashujaa kwa sababu shujaa halipwi.

Na wafugaji waulizwe. Wao walichoma nyasi kwa mpango, ili majani mapya yaote na kupe wapungue, mpaka utawala wa kikoloni ukauita moto wao uhalifu. Leo bado tunawaita washukiwa badala ya kuwaita kwenye kikao.

Ati hakuna pesa? Helikopta hupatikana moto ukishaingia kwenye taarifa ya saa moja. Ujumbe wa simu ni rahisi kuliko saa moja ya helikopta.

Kiangazi kinarudi, hilo halihitaji mtabiri. Mkubwa atakaposimama tena mbele ya kamera na kumtaja mrina asali, mwulizeni swali moja tu: wewe ulijua lini?