Nani Anakusomea Barabara?

"Si nilikwambia kata kushoto?"

"Uliniambia tukiwa tumeshapita!"

Kama una gari na una mwenzi, mazungumzo haya unayajua. Yanaanzia Mbagala, na mkifika Kibiti hakuna anayeongea na mwenzake, redio tu ndiyo inaimba. Sasa yafikirie maneno hayo hayo gari likiwa kwenye mwendo wa mashindano, vumbi limetanda, na aliyeshika makaratasi kiti cha pembeni ni mke wako wa ndoa. Kuna watu wawili wa hapa hapa Afrika Mashariki waliofanya hivyo kama kazi. Mwezi huu nawaletea Shekhar Mehta na mkewe Yvonne.

Shekhar alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Alianza mbio za magari akiwa na miaka 21. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Jamani, siku 90 za kufungasha maisha mazima! Familia ikahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, kijana huyo akaingia kwenye Safari Rally na Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews, na akashinda. Tena alishinda kwa tundu la sindano. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kabisa, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu.

Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Minne mfululizo, mitano jumla. Kwenye Safari za ubingwa wa dunia, rekodi hiyo haijafikiwa na mtu. Wafini, ambao kwa mbio za magari ni kama Wabrazil kwenye soka, wamekuja na kuondoka. Hannu Mikkola alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, mwaka 1972. Juha Kankkunen, bingwa wa dunia mara nne, aliishia ushindi wa Safari mara tatu. Rauno Aaltonen yeye alirudi miaka nenda miaka rudi, mara mbili akamaliza wa pili nyuma ya Mehta huyo huyo, na kombe hakulipata mpaka anastaafu. Na sisi Watanzania tusijidharau: Bert Shankland wa Dar es Salaam alilichukua mara mbili, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404.

Haya, tuingie nyumbani kwa watu.

Kazi ya kiti cha pembeni

Wengi wetu tunadhani anayekaa pembeni kwenye gari la mashindano ni abiria aliyevaa helmeti. Hapana. Dereva anaona mita chache zilizo mbele yake. Msoma ramani anajua kilichojificha nyuma ya kilima. Ndiye anayeshika saa, ndiye anayetunza kadi ya muda, na ndiye anayesema "punguza" wakati dereva haoni sababu yoyote ya kupunguza. Na dereva anapunguza. Hamuulizi "una uhakika?", kwa sababu jibu likifika gari litakuwa mtaroni.

Yvonne alikalia kiti hicho kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1981 kule Argentina, mume na mke hao walimaliza wa pili. Mwaka huo Shekhar alishika nafasi ya tano duniani.

Zingatia jambo moja, msomaji wangu: neno la msoma ramani linatoka kabla ya kona. Wengi wetu ni wataalamu wa neno la baada ya kona. Mume ameshamkopesha rafiki yake hela, ndipo mke anasema "mimi nilijua tu yule hafai". Kama ulijua, mbona ulinyamaza? Na wewe baba, kama alisema, mbona ulimwona ana wivu? Kiti cha pembeni kinataka watu wawili: mmoja mwenye ujasiri wa kusema mapema, mwingine mwenye adabu ya kusikia.

Mbona Safari hakuwa naye?

Msomaji makini keshaniuliza. Ushindi wa 1973 alikuwa na Drews. Ile minne iliyofuata alikuwa na Mike Doughty. Yvonne yuko wapi?

Hapo ndipo kisa hiki kinaponipendeza. Mwanamke aliyeweza kusoma barabara za nchi za watu hakuwa kwenye gari siku za ushindi mkubwa wa nyumbani, na ndoa yao haikupungua kitu. Siku hizi tunatakana kupita kiasi. Tunataka mwenzi awe mpenzi, rafiki, mshauri, mbia wa biashara na mhasibu wa duka. Akikosa nafasi moja tunasema hatupendi. Wapo waliofungua biashara pamoja wakafanikiwa, Mungu awabariki. Wapo waliokaa vizuri mpaka walipofungua duka moja, wakaanza kugombana juu ya stoo na daftari la madeni, na ugomvi ukawafuata chumbani. Kumpenda mtu si lazima ukae naye kila gari. Kuna safari zenu, kuna safari zako. La muhimu ni mkubaliane mapema ipi ni ipi, asije mmoja akakaa nyumbani na kinyongo.

Anayepoteza dakika chache

Safari ya zamani haikuwa mbio za dakika tano. Ilikuwa kilomita kwa maelfu, kwenye barabara zilizo wazi kwa malori, mabasi na mifugo. Kila dakika uliyochelewa kituoni ilikuwa adhabu. Mshindi alikuwa yule aliyepoteza dakika chache kuliko wenzake. Mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho! Kila gari lilikwama mahali. Swali lilikuwa: mnatumia dakika ngapi kubishana nani kaliingiza topeni, na ngapi kulisukuma?

Mtu anayekwenda ukweni Ngorongo, kule Rufiji, wakati wa masika ananielewa. Ukiacha lami, maelekezo ya mwaka jana hayakusaidii sana. Mafuriko ya 2024 yaliwafundisha watu wa Rufiji na Kibiti kwamba mto ukiamua, unabadilisha njia. Ndiyo maana kabla ya Safari madereva walipita kwanza barabarani, wakaandika upya: hapa pamechimbika, pale maji yamekula ukingo. Na mwenzi wako je? Bado unatumia maelezo uliyoandika mwaka mliofunga ndoa? Kapata kazi mpya, kafiwa, kazaa, kaingia hofu usizozijua. Pita tena, uandike upya.

Usukani unapoisha

Mwaka 1987 Shekhar alipata ajali mbaya kwenye mashindano ya jangwani nchini Misri, na udereva wake ukaishia hapo. Baadaye alifanya kazi ya kusimamia mchezo huo akiwa na FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006. Safari ilikuwa imeondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi Naivasha mwaka 2021. Hakuiona siku hiyo.

Lakini tangu ajali mpaka kifo ni karibu miaka 19. Miaka 19 ya kuwa dereva asiyeendesha, na Yvonne bado alikuwa mkewe. Wengi tunachagua mwenzi kwa macho ya mtu anayetazama gari likipita kwa kasi: kazi nzuri, mwendo mzuri, vumbi jingi. Swali la kujiuliza ni nani utapenda kukaa naye gari likizimwa.

Wikiendi hii mkipanda gari, jaribuni kitu kimoja. Wa pembeni aseme kabla ya kona. Wa usukani asikie bila kubisha. Mkipotea, mtapotea pamoja, na mtacheka.

Tukutane mwezi ujao.