NANI ATAKAA NA MAMA SAA YA UCHUNGU?

Zamani swali hili halikuulizwa katika nyumba yo yote, maana jawabu lake lilijulikana kabla mimba haijaonekana. Alikuwapo mama mzazi, alikuwapo mama mkwe, walikuwapo mashangazi na wake wa majirani. Na juu yao wote alikuwapo mkunga mzee aliyekwisha kupokea watoto wa nusu ya kijiji. Mwanamke hakuachwa peke yake hata kidogo. Siku hizi mambo yamegeuka. Mke wa karani au wa dereva akaaye chumba kimoja Nairobi, Nakuru au Mombasa, huenda mama yake yu mbali mwendo wa siku nzima kwa basi. Jirani wa mlango wa pili hajui hata jina lake. Na mumewe hutoka alfajiri na kurudi usiku. Saa ya uchungu ikifika, mke huyo huingia hospitali na kitita chake cha nguo, na mlango hufungwa nyuma yake.

Kwa sababu ya upweke huo imezuka mijini kazi mpya, nayo ni kazi ya mwanamke alipwaye ujira ili amsindikize mwenzake tangu siku za uja uzito hata baada ya kujifungua. Mtu huyo huitwa dula. Neno hilo asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mjakazi. Mwaka 1973 bibi mmoja wa Marekani, Dana Raphael, mtaalamu wa desturi za wanadamu, alilitumia katika kitabu chake juu ya kunyonyesha, na baadaye likaenea katika nchi nyingi. Neno ni geni kwetu, lakini kazi yenyewe si ngeni. Ni ile ile ya shangazi na jirani, ila sasa ina bei.

Na hiyo bei ndiyo iletayo maneno nyumbani. Mume husema ni anasa ya matajiri. Mke husema anaogopa. Mama mkwe husikia habari hiyo na kuona kwamba amenyang'anywa haki yake. Kila mmoja ana sababu zake, na kwa hiyo yafaa jambo hili lipimwe kwa utulivu kabla mwezi wa tisa haujafika.

KAZI YAKE NA MPAKA WAKE

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba dula si mkunga. Mkunga amesoma, amefanya mtihani, naye hupewa leseni na Baraza la Wauguzi la Kenya. Dula hana leseni ya namna hiyo. Haimpasi kumpima mama, wala kumzalisha, wala kukata kitovu, wala kumpa dawa, iwe ya duka au ya miti shamba. Kazi yake ni kumzuru mama kabla ya siku zake na kumweleza yatakayokuja. Kukaa naye tangu uchungu uanzapo. Kumsugua mgongo, kumpa maji, kumwongoza atembee na kupumua vema. Kumwambia kwa maneno mepesi yale ambayo daktari ameyasema kwa haraka. Na mtoto akizaliwa, kumsaidia ampe ziwa katika saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa ya manjano ambayo wazee wengine walikuwa wakiyamwaga.

Mpaka huo ni wa lazima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, akina mama 355 walikufa kwa ajili ya uzazi. Wengi wa namna hiyo huuawa na kutokwa na damu, au kifafa cha mimba, au uchungu uliozuiliwa kwa sababu mtoto hawezi kupita. Magonjwa hayo hayatibiwi kwa kushikwa mkono. Hutibiwa kwa dawa, kwa damu ya kuongezwa, na kwa kisu cha daktari. Basi dula asemaye kwamba mama hana haja ya hospitali, au atoaye majani ya kuongeza uchungu, huyo afukuzwe mlangoni, maana majani hayo yaweza kupasua mfuko wa uzazi.

YALIYOPIMWA NA WATAALAMU

Watu wengine watauliza: kama hatibu, faida yake ni nini? Swali hilo limejibiwa kwa vipimo. Katika mji wa Houston, Marekani, matabibu walichunguza wanawake 616 waliokuwa wakizaa mara ya kwanza, wakatangaza matokeo mwaka 1991. Wengine walikaa na msindikizaji wakati wote wa uchungu. Wengine waliachwa katika desturi ya hospitali. Katika kila wanawake 100 walioachwa, 18 walipasuliwa. Katika kila 100 waliosindikizwa, walipasuliwa 8 tu. Tena lilikuwako kundi la tatu, ambalo mwanamke mmoja aliketi kando chumbani akiandika mambo, asiseme nao neno. Hao waliopasuliwa walikuwa 13 katika 100. Hata mtu anyamazaye ana faida kuliko kiti kitupu.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi watoka Botswana. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 109 waliokuwa wakizaa mara ya kwanza. Nusu yao, au karibu na nusu, waliruhusiwa kuingia na jamaa wa kike. Katika hao waliokuwa na jamaa, 91 katika kila 100 walizaa kwa njia ya kawaida bila kuvutiwa mtoto wala kupasuliwa. Katika waliokuwa peke yao, 71. Yafaa kila mume mwenye kipato kidogo aliangalie jambo hilo kwa makini. Wasindikizaji wa Botswana hawakuwa watu wa kukodishwa. Walikuwa mama na dada na mashangazi.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya vipimo vya namna hii kutoka nchi 17, vya wanawake zaidi ya 15,000, wakaona kwamba mama asindikizwaye mfululizo huelekea kuzaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake hupungua urefu, na dawa za kutuliza maumivu hutumika kidogo zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri kwamba kila mwanamke azaaye awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Neno la kutazamwa hapo ni "aliyemchagua mwenyewe". Si aliyechaguliwa na mume, wala na mama mkwe.

HOSPITALI NAYO IULIZWE

Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake, akina mama wengi wamezidi kwenda huko. Mwaka 2014 wazazi 62 katika kila 100 walihudumiwa na mtu mwenye ujuzi. Mwaka 2022 wakawa 89. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini wingi wa watu haukuleta wingi wa wauguzi kwa kiasi kile kile, na muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi hawezi kukaa na mama mmoja, hata akiwa na moyo mwema namna gani. Tena wapo wauguzi wenye ulimi mkali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa katika hospitali na vituo 13 vya Kenya, uliwauliza akina mama 641. Na 20 katika kila 100 walisema kwamba walitendewa pasipo heshima. Mtu akiwapo karibu, maneno mabaya huona haya.

Hata hivyo, si kila chumba cha uzazi kinachoruhusu msindikizaji. Katika vyumba vingine vitanda vimepangana pasipo pazia, na mwanamume akiingia huwaaibisha wanawake wengine. Kwa hiyo mama na aulize mapema, siku aendapo kliniki: Je, mtu aweza kuingia nami? Awe mwanamke tu, au hata mume? Awe mmoja au wawili? Ni hasara kubwa kumlipa dula miezi mitatu, kisha siku yenyewe akaachwa nje ya lango pamoja na wauza ndizi.

FEDHA IENDE WAPI KWANZA

Ujira wa dula haukupangwa na sheria yo yote. Kila mmoja hutaja bei yake. Kwa hiyo nyumba yenye fedha ya kuhesabu na ipange mambo yake kwa zamu. Kwanza iwekwe nauli ya gari la usiku, pamoja na namba ya simu ya dereva aliyekubali kuamshwa. Pili, gharama za hospitali na bima. Tatu, nguo na vitambaa vya mtoto, na chakula cha mama cha siku za kupumzika. Baada ya hayo, kikibakia kitu, na hakuna ndugu wa kike awezaye kuja, hapo dula si anasa. Lakini mtu atumiaye nauli ya hospitali kumlipa dula amenunua kofia na kuuza viatu.

Kama yuko dada mwenye moyo mtulivu, au rafiki wa kanisani au msikitini aliyekwisha kuzaa, nauli ya kumleta kutoka nyumbani yaweza kuwa ndogo kuliko ujira wa dula, na kazi ikafanyika vema. Tena katika wilaya nyingine wakunga wa jadi wameombwa waache kuzalisha nyumbani, na badala yake wawalete akina mama kituoni na kukaa nao. Hiyo ni njia ya kuwaheshimu wazee hao bila ya kuhatarisha roho za watu. Lakini si kila jamaa afaa. Yuko shangazi ambaye akiona uchungu hulia kuliko mzazi. Yuko mama mkwe ambaye hukaa kitandani akihesabu makosa ya mkwewe. Mtu wa namna hiyo na apewe kazi ya kupika uji.

MASWALI KWA DULA

Wakiamua kumwajiri, mume na mke wamwite wote wawili, nao wamwulize bila haya. Alifundishwa wapi, na amesindikiza akina mama wangapi? Akiugua, au akiwa na mama mwingine usiku huo huo, nani atakuja badala yake? Ujira wake ni wa siku ngapi, na mama akijifungua kabla hajafika, fedha zitarudi kiasi gani? Daktari akisema mama apasuliwe, yeye atafanya nini? Akijibu kwamba atabishana na daktari, asiajiriwe. Akijibu kwamba atamtuliza mama, atamsaidia kuuliza sababu, kisha atamngoja mpaka atoke, huyo anaijua kazi yake. Mapatano yote yaandikwe, kila mtu abaki na karatasi yake.

Tena wote wawili, na msindikizaji pamoja nao, wazijue dalili zisizongoja mashauri: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, degedege, chupa kupasuka kabla ya siku zake, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Moja ikionekana, safari ya hospitali ianze saa ile ile, awe msindikizaji amefika au hajafika.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, na kwa hiyo neno la mwisho katika shauri hili ni la mke. Mume na amwulize kabla ya mwezi wa nane: "Saa ile ikifika, wataka nani awe karibu nawe?" Akitaja jina la dada yake, nauli ipelekwe. Akitaja mama mkwe, mama mkwe atafurahi. Na akisema kwamba hana mtu, basi mume huyo amekwisha kujua fedha zake zilizobaki zaenda wapi.