MARADHI YAKIINGIA, ULIMI NDIO HUUGUA KWANZA



Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa langu, maana nasaha ya mtu anayejificha haina baraka.

Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13, niliingiziwa sauti kwenye WhatsApp. Msemaji alikuwa na sauti nzito na Kiarabu kizuri. Alisema maradhi haya hayampati mtu anayetawadha mara tano kwa siku, na kwamba hofu yote ile ni njama ya kutufungia misikiti. Nilipenda nilichokisikia. Sikumjua msemaji, sikuuliza ni nani, wala sikumpigia daktari hata mmoja. Niliituma kwenye makundi matatu, na chini yake nikaandika: "Sikilizeni, mtulie nyoyo."

Msikitini kwetu kulikuwa na mzee wa safu ya kwanza. Alfajiri haimpiti. Alikuwa na sukari, na kifua kilimsumbua miaka mingi. Kijana wake alimsihi apumzike nyumbani kidogo. Mzee akamwonyesha simu: "Ustadh mwenyewe ametuma." Hata misikiti ilipofungwa, akawa anakwenda kuswali jamaa barazani kwa jirani, bega kwa bega na wenzake. Kabla Ramadhani ya mwaka ule haijakwisha, tulimzika. Tulikuwa watu wachache, hatukupeana mikono.

Hakupimwa, na siku yake iliandikwa na Mola wake kabla hatujazaliwa. Hilo naliamini. Lakini kijana wake aliponisimulia habari ya simu ile, tena kwa upole, bila kunilaumu, usiku ule sikulala.

Ndugu yangu, tukizungumzia maradhi ya kuambukiza huwa tunahesabu waliougua na waliokufa. Mimi naona wiki za kwanza zina hesabu yake mbali. Kabla virusi havijafika mtaani, maneno huwa yameshafika. Mmoja anasema hakuna ugonjwa. Mwingine anasema tumekwisha sote. Wa tatu anajua dawa, wa nne anajua nani wa kulaumiwa. Wote wanne hawana elimu, na wote wanne wana simu. Maneno yao ndiyo huamua maradhi yakifika yatatukuta katika hali gani.

Tazama Suratun Nisaa, aya ya 83. Mwenyezi Mungu anawakosoa watu ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, na anatufundisha kwamba lingerejeshwa kwa Mtume (s.a.w.) na kwa wenye mamlaka, wenye kuweza kulichunguza wangelijua. Zingatia kwamba aya haikutaja habari za hofu peke yake. Imetaja na za amani. Mimi sikusambaza hofu. Nilisambaza amani ya uongo, nikadhani nafanya ihsani. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mtu humtosha kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Hakusema mpaka akitunge mwenyewe.

Sasa tuwaangalie waliotutangulia.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), tauni iliingia Sham. Ndiyo iitwayo tauni ya Amwas, ya mwaka wa 18 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri. Umar alikuwa safarini kuelekea huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapokewa na makamanda wa jeshi, Abu Ubaida bin al-Jarrah akiwa kiongozi wao, wakamweleza kuwa maradhi yameingia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Alifanya nini? Hakusema, "Mimi ni Amirul Muuminina, nitajua la kufanya." Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Answari, nao wakakhitilafiana vilevile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hawa kauli yao ikawa moja: rudi na watu, usiwatie katika maradhi. Umar akatangaza kuwa asubuhi anarudi.

Hapo Abu Ubaida (r.a.) akauliza lile swali ambalo na sisi tuliulizana mwaka 2020: je, tunaikimbia qadari ya Allah? Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu. Akilisha penye majani, amelisha kwa qadari ya Allah. Akilisha pakavu, ni kwa qadari ya Allah pia. Basi mchungaji mwenye akili ataupeleka mfugo wapi?

Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwapo kwa shughuli zake. Yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya jambo lile. Alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kwamba mkisikia tauni imeingia nchi fulani msiiendee, na ikiingia mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Ndugu yangu, soma kisa hiki polepole. Pale palikuwa na Masahaba wakubwa, na hadithi iliyokata shauri ilikuwa kwa mtu mmoja ambaye hayupo. Hakuna aliyeona haya kusema hajui. Hakuna aliyejaza pengo la elimu kwa kelele. Walikhitilafiana, wakasikilizana, na elimu ilipofika wakaifuata. Sisi mwaka 2020 tulikuwa na madaktari na wauguzi ndani ya safu zetu, tunaswali nao bega kwa bega, na ni maimamu wangapi tuliowaita tukawauliza?

Wala usimdharau Abu Ubaida. Alibaki na watu wake Sham, akafa kwa maradhi yale. Muadh bin Jabal (r.a.) akafa pia. Baada yao uongozi ukafika kwa Amr bin al-As (r.a.), akawataka watu watawanyike milimani, wasikae pamoja. Wapo waliompinga, lakini watu walitawanyika, na Allah akayaondoa maradhi. Khabari zikamfikia Umar, asilichukie lile.

Utasema, "Ustadh, kwani dua iko wapi?" Dua ipo, na ni silaha. Lakini sikiliza aliyoandika Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni aliyetusherehesha Bukhari, mtu aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni na akaiandikia kitabu kizima. Anaeleza kwamba mwaka wa 833 Hijria, Cairo, waliokuwa wakifa kwa siku walikuwa chini ya arubaini. Watu wakatoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba dua kwa pamoja. Mwezi haukwisha, waliokuwa wakifa kwa siku wakazidi elfu moja. Ibn Hajar hakuipinga dua. Alipinga ule mkusanyiko. Mola wako anakusikia ukiwa peke yako kwenye mswala wako chumbani.

Najua mlango wa msikiti ukifungwa moyo huuma. Machi ile tulisikia waadhini wa Kuwait wakiwaambia watu waswali majumbani, na wapo miongoni mwetu waliolia. Tuliona eneo la kutufia Al-Kaaba likiwa tupu. Hija ya mwaka ule walihiji watu takriban elfu moja, wote wakiwa tayari ndani ya Saudia, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa karibu milioni mbili na nusu. Huku kwetu Kenya mikusanyiko ya ibada ilisimamishwa, ndugu zetu wa Tanzania wakaendelea kuswali misikitini, na tukaanza kurushiana maneno: hawa wamekosa imani, hawa wamekosa akili. Sikusudii kuufungua tena mjadala ule. Ila kumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti mpaka harufu imwondoke. Ikiwa harufu tu ina hukumu, itakuwaje kwa kikohozi kinachoweza kumzika jirani?

Lakini haki isemwe pande zote. Watu hawakukataa kwa ujinga peke yake. Ijumaa ya Machi 27, siku kafyu ilipoanza Kenya, watu waliokuwa wakingoja feri Likoni warudi makwao walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi na polisi, na saa ya kafyu bado haijafika. Wakasongamana zaidi kuliko walivyokuwa. Wengi wakaogopa kupimwa, kwa sababu walisikia kuwa ukipimwa utawekwa karantini kisha udaiwe gharama yake. Mtu akijua kuwa kikohozi chake kitamtia deni na aibu, atakificha. Na mchukuzi anayekula alichokipata leo, ukimwambia kaa nyumbani bila kumpelekea unga, umemwambia kaa na njaa. Kiongozi anayetaka watu waseme kweli katika siku za kwanza, naye awaambie kweli, na awaondolee sababu ya kujificha.

Kwa nini nayasema haya leo, na korona tumeshaisahau? Kwa sababu Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa mpox ni dharura ya kimataifa, simu yangu ililia. Sauti nyingine, mtu mwingine, maneno karibu yaleyale. Nikajua kuwa ulimi wetu haujapona. Maradhi mengine yatakuja, Allah atuhifadhi, basi tuyashike haya mapema:

1. Usitume usichokijua asili yake. Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuthibitisha habari. Na kama umeshatuma ukagundua ni uongo, rudi kwenye makundi yaleyale, kwa jina lako, useme nilikosea. Kuifuta kimya kimya hakutoshi, maana wameshaisikia.

2. Imamu, usiamue peke yako. Katika jamaa yako hakosekani muuguzi au daktari. Mkalishe mbele, mpe kipaza sauti baada ya swala, na wewe kaa umsikilize.

3. Mwenye kuumwa abaki nyumbani, na asikatwe. Gonga mlango, weka chakula, rudi nyuma, msalimie kwa mbali. Kumtenga mgonjwa kwa maradhi ni jambo moja, kumtupa ni jambo jingine.

4. Mfanyabiashara, usifiche bidhaa. Ndimu, tangawizi, barakoa na sabuni visiwe mtaji wa kuwavuna waja wenye hofu. Faida ile ina moto.

5. Usisake wa kumlaumu. Mwanzo walikuwa Wachina, kisha waliotoka safari, kisha ikawa Eastleigh na Mji wa Kale Mombasa. Maradhi hayana kabila wala mtaa. Leo unamnyooshea kidole mwenzio, kesho kikohozi kiko chumbani mwako.

Ndugu yangu, tawakkul ni kumfunga ngamia kisha kumtegemea Allah, kama Mtume wetu alivyomuelekeza yule bedui. Aliyemwacha ngamia wake huru kisha akajiita mwenye tawakkul, huyo ametegemea bahati.

Sauti ile ya 2020 niliikanusha baadaye, katika makundi yote matatu, kwa jina langu. Wengine walinicheka, wengine walinishukuru. Mmoja tu nilitaka aisikie kuliko wote, na yeye hakuwapo tena kuisikia.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotangulia katika maradhi yale, wapokee pamoja na mashahidi. Waponye wanaougua leo. Tuhifadhi ndimi zetu kabla ya miili yetu, na utujaalie tuwe wenye kusema kweli wakati wa hofu na wakati wa amani. Utusamehe tuliowapotosha waja wako tukidhani tunawanasihi.

Aamin, yaa Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq.