SHERIA KWA ASKARI ALIYE VITANI

Si majeraha yote ya vita hufungwa bendeji. Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Septemba 1939, maelfu ya askari walipelekwa mbali kwa miaka mingi, na nyuma yao ndoa nyingi zikavunjika. Sheria ya mwaka 1937 ilikuwa imekwisha kuongeza sababu za talaka, ukatili na kutelekezwa zikiwamo. Lakini talaka ilikuwa shauri la Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ilitaka fedha. Askari wa cheo cha chini angezitoa wapi?

Hapo ndipo lilipoingia Baraza la Chama cha Wanasheria cha Uingereza, lenye makao yake Chancery Lane, London. Hilo ni baraza la mawakili wanaopokea wateja na kutayarisha mashauri, si la wale wavaao nywele za bandia wakanena mbele ya majaji. Tangu mwaka 1926 Chama hicho kilisimamia utaratibu wa kuwasaidia maskini, ambao wakili aliufanyia kazi bila ujira. Maana yake, haki ya mnyonge ilitegemea moyo mwema wa mwenye nafasi. Katika amani utaratibu huo ulichechemea. Vita vilipowachukua mawakili na makarani jeshini, ukalemewa kabisa.

Mwaka 1942 Chama kikafungua Idara ya Talaka za Wanajeshi. Mawakili wake waliajiriwa kwa mshahara, na fedha zikatoka katika hazina ya Serikali. Tunamwomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Katika nchi ya kibepari, ambamo wakili huiuza elimu yake kama muuza duka, ilikubaliwa kwamba anayeitetea nchi hawezi kuachwa aililie haki mlangoni kama mwombaji.

Hatusemi kwamba Baraza lilisukumwa na huruma tupu. Chama hicho hicho ndicho kilichowafungia wanawake mlango, na mahakama ikakiunga mkono katika kesi ya Gwyneth Bebb ya mwaka 1913. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1919 ndipo Carrie Morrison akasajiliwa mwaka 1922. Baraza la wenye kazi hulinda kwanza kazi yao. Hapana shaka mawakili walitambua kwamba wasipoushika wenyewe msaada wa sheria, Serikali ingeushika. Kamati ya Lord Rushcliffe, iliyoteuliwa mwaka 1944, ilipendekeza mwaka uliofuata kwamba usimamizi uwe wa Chama, na sheria ya mwaka 1949 ikakubali.

Hata hivyo ushindi ulikuwa nusu. Msaada ulipoanza mwaka 1950, yalilipiwa mashauri ya mahakamani. Mpango wa kumshauri mwananchi kabla hajafika huko uliwekwa kando hadi mwaka 1959. Tena sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 2013, iliyaondoa mashauri mengi ya talaka katika msaada huo. Kilichopatikana chini ya mabomu kikapunguzwa wakati wa amani, kwa hoja ya kubana matumizi.

Kwetu, Chama cha Wanasheria Tanganyika kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, chini ya utawala wa Waingereza hao hao, nacho kina Baraza lake. Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wako karibu na wananchi kuliko mawakili waliojazana mijini. Lakini msaidizi haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mjane aliyenyang'anywa shamba akishaelezwa haki yake, ni wakili gani atakayesimama naye mbele ya hakimu, na kwa fedha ya nani? Swali hilo tunalipeleka kwa Baraza, na tunangoja jibu lenye hesabu ndani yake.