Usikate springi kwa ajili ya picha

Nitasema wazi, na mkitaka nirushieni mawe kwenye komenti: kijana anayekata springi ili gari ikae chini hajaitengeneza. Ameiharibu, tena amelipa mtu amsaidie kuiharibu.

Mnajua ninaongelea gari gani. Impreza ya buluu, rimu za dhahabu, stika ya 555 mlangoni, na egzosi inayoamsha Mtopanga nzima saa sita usiku. Nakala ya gari ya Colin McRae. Mimi sina ugomvi na nakala. Ikipita, hata mimi nageuza shingo. Ugomvi wangu ni pale gari imelala chini mpaka paka hawezi kupita, halafu mwenyewe anakwambia, "Hii ndiyo rally, bro."

Rally gani hiyo? McRae alishinda Safari Rally hapa hapa Kenya mwaka 1997, na Impreza. Gari ya Safari hailazwi chini. Inainuliwa, manake mawe na mashimo hayasomi stika. Na si Subaru peke yake. Datsun 240Z ni gari ya spoti kabisa, milango miwili, boneti ndefu. Ilishinda Safari 1971, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Porsche walipoleta 911 mwaka 1978, waliinyanyua mpaka nafasi ya chini ikafika kama sentimita 28, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili. Hata leo, zile 911 za zamani zinazokimbia Safari Classic, mashindano yaliyoanza 2003, zimesimama juu kama mbuzi juu ya jabali. Kwa hivyo kama ni nakala unataka, wewe umeelekea siko.

Lakini haya, tuache rally. Tuongee barabara zetu.

Anza Likoni. Pale feri, mteremko haukai vile vile siku nzima. Maji yakijaa, unaingia bila shida kubwa. Maji yakipwa, unashuka mteremko mrefu, halafu pua ya gari inakutana na lile bati la feri lililoinamia upande wake. Gari iliyoshushwa inakwaruza bampa, tumbo linakaa, watu wanaitwa kusukuma. Nyuma yako kuna foleni ya magari, tuktuk, na mtu ambaye shifti yake Changamwe imeshaanza. Wewe unachukua video. Sisi tunakatwa mshahara.

Changamwe nako malori ya kontena yanapita usiku na mchana, na lami ikichoka inabonyea mistari ya matairi. Kisauni, ukiacha barabara kubwa pale Bombolulu au Bamburi, unakutana na mchanga, mawe ya matumbawe, na mvua ya Mei ikinyesha, dimbwi ambalo hujui kina chake. Hizi ndizo barabara zetu. Gari inapimwa kwa barabara inayopita, si kwa ukuta ulioegeshwa kupigiwa picha.

Sasa chuma chenyewe. Springi inabeba uzito, shoki inatuliza mrusho. Ukikata mizunguko miwili, springi inakuwa fupi na ngumu zaidi, lakini shoki imebaki ile ile ya springi ndefu. Gurudumu halina tena nafasi ya kupanda, kwa hivyo kila shimo linafika mgongoni mwa abiria. Gurudumu likining'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Wengine hata hawakati, wanaichoma na moto wa gesi mpaka inalegea. Chuma hicho kilipikwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikiunguza ovyo kinapoteza nguvu, na siku ya kukatika hakitakupigia simu.

Halafu kuna tairi. Gari ikishuka, magurudumu yanainama, na tairi inaliwa upande wa ndani, ule usiouona ukiwa umesimama nje unajisifu. Nje inang'aa, ndani nyuzi ziko wazi. Sasa ipasuke juu ya daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni, tuone nani atasema "ni gari yangu, fedha zangu". Gari ni yako, sawa. Barabara si yako. Na gari hiyo hiyo ya picha ya Jumamosi ndiyo inayompeleka mamako kliniki Jumatatu. Yeye hakuulizwa kuhusu springi.

"Una wivu." Haya. "Koiloveri ni ghali." Ni kweli, ni ghali, na hilo ndilo jibu lenyewe. Kama fedha za kushusha gari vizuri hazijapatikana, iache ilivyotoka kiwandani. Sijasema gari zote zikae kama pikipiki ya mashambani. Koiloveri ina uzi wa kuzungusha, unashusha kidogo, kushoto sawa na kulia, na ukikosea unarudisha. Baadaye unapeleka magurudumu yakanyooshwe. Springi iliyokatwa hairudi.

Na fundi akikwambia, "Leta tu, nusu saa nimemaliza," ondoka. Kazi ya nusu saa inayogusa kitu kinachobeba roho za watu watano si kazi, ni kamari, na anayecheza si yeye.

Kama bado unabisha, fanya kipimo kimoja. Egesha mahali tambarare, jaza tangi, pakia mabeste wanne wale wazito. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne. Kisha chungulia ni wapi tumbo liko karibu zaidi na ardhi. Ukimaliza, nenda Likoni na mzigo huo huo, maji yakiwa yamepwa. Ukipanda feri bila kukwaruza na bila kusukumwa, rudi hapa uniite mshamba. Nitakubali.